Mioyo Sitini na Minne ya Bibi Kagemulo

Ma Adventina anadai kwamba shemeji yangu Ndyamukama aliuawa na sindano saa nne asubuhi, yeye akiona. Anadai marehemu aliinuka kitandani akiwa mzima kabisa, akaitaja chanjo kwa jina mara tatu kama mtu anayemtaja mchawi wake, akatapika maji meusi mfano wa kahawa iliyoungua, akaanguka. Na mbu aliyekuwa amemuuma naye akafa palepale ukutani. Anasema aliiona maiti ya mbu huyo, miguu juu.

Watu waliokaa mikekani msibani walitikisa vichwa. Mmoja akauliza mbu mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani.

Ma Adventina ni jirani yetu wa upande wa bondeni. Migomba yake inapakana na ya dada yangu Kemilembe, mke wa marehemu. Saa nne ya siku hiyo alikuwa gulioni akibishania mkungu wa ndizi, nami nilimwona akirudi saa nane na mkungu uleule kichwani. Shemeji alikufa saa tatu kasoro robo. Hakutaja kitu, sauti ilikuwa imemwisha tangu juzi yake. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, kisha kitanda kikaacha kugonga. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Lakini palipo na mbu aliyekufa miguu juu, nani atataka habari za beseni?

Ma Adventina naye alichanjwa siku moja na shemeji, kwa chupa hiyohiyo. Yeye namba tisa, shemeji namba thelathini na moja. Tangu siku hiyo hakuna kilichomvimba ila mdomo.

Nilimwacha aseme. Nina daftari langu. Ndani yake siku ya sindano ni Alhamisi, wiki moja kabla ya kifo, na siku shemeji alipokaa kwenye jua la mchana amejifunika blanketi ni Jumanne ya wiki hiyohiyo ya sindano. Jumanne hutangulia Alhamisi. Hilo nilifundishwa darasa la kwanza, na mpaka leo sijakutana na aliyelikanusha isipokuwa majirani na maafisa.

*

Kazi yangu ni kidole gumba. Mkoani kuna mashine wanayoiita Mkaguzi. Ndiyo inayosikiliza miili ya waliochanjwa, na ndiyo inayoamua kama chanjo ina madhara. Mimi hapa kata ya Rwamachu, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, nina kishikwambi chake. Kila siku saa kumi jioni inaniandikia: Hali ya chanjo katika kata yako ni shwari, tafadhali thibitisha. Naweka kidole. Sheria inataka athibitishe binadamu, na haikusema binadamu wa aina gani, basi wakamchukua aliyekuwa akifagia.

Wakati huo homa ya popo ilikuwa imeshaua watu arobaini ng'ambo ya mto. Muuguzi wetu alipelekwa huko kusaidia, zahanati ikabaki na mimi na ufagio. Chanjo mpya ya homa hiyo ikaletwa kwetu kwanza, kwa watu sitini na wanne waliokubali. Kila mmoja alivishwa bangili ya mpira ya kijivu yenye kitufe kwa ndani, kinachoonja jasho, kupima joto na kuhesabu mapigo ya moyo. Ikae mkononi siku arobaini na mbili. Ikihisi homa, italia, itamhoji aliyeivaa, itapeleka habari mkoani kabla mgonjwa hajamwambia mkewe. Bangili siidharau. Ilikuwa kitu cha akili, haikujichagulia wakubwa.

Maana wakubwa walikaa, wakanywa chai, wakatangaza hivi: ambaye bangili yake haitalia hata mara moja, atapewa mabati mawili ya kuezekea.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Wanataka kujua nani anaumia, kwa hiyo wanamtunuku asiyesema. Aliyelibuni lazima awe na digrii. Mtu wa darasa la saba asingefika huko hata angesukumwa.

Siku ya pili tu bangili zikaanza kulia. Huku kwetu ni milimani, na mtu akipanda na jembe moyo unakwenda mbio. Bangili ikamwambia Mzee Kaijage kwa sauti ya mwanamke wa mjini: "Moyo wako unakwenda kasi. Je, unajisikia vibaya?"

"Ninalima, mama," Mzee Kaijage akajibu. "Njoo ushike mpini nawe ujisikie."

Mabati yake yakaanza kuota mabawa. Wengine wakaona, wakatafuta njia, na njia ilikuwepo tangu zamani za mababu. Katika kila safu ya nyumba za Rwamachu kuna mtu mmoja asiyekwenda shambani, tunamwita mlinda funguo. Anayekwenda kulima humwachia ufunguo, pete, redio, na kama yupo, kifaranga mgonjwa. Kwetu kuacha kitu msumarini ni uzembe, ila kukiacha kwa mlinda funguo ni adabu. Na mlinda funguo wetu ni Bibi Kagemulo, mama wa mama yangu, mwenye miaka themanini na kitu na moyo wa mtu anayesubiri chai.

Wakamletea bangili. Walimwambia jambo moja tu: isipoe, lazima ikae kwenye ngozi, ukiichelewesha inahesabu kwamba mtu amekufa. Bibi akaivaa. Wa pili akaleta, akaivaa. Mkono wa kushoto ukajaa mpaka kwapani, wa kulia ukajaa, wakaendelea na miguu. Mwanzoni walizichukua jioni. Baada ya siku mbili hawakuzichukua tena, maana hata kukamua pombe ya ndizi kunapandisha mapigo. Ungemwona barazani ungedhani ni bibi harusi wa kabila lililosahauliwa, mpira wa kijivu toka kwapa mpaka kiganja, toka goti mpaka kisigino, akipepewa na mjukuu wake ili asitoke jasho la watu sitini na wanne.

Na yeye mwenyewe hakuchanjwa hata tone. Walimkataa kwa umri.

Mkaguzi ikasikiliza. Ikasikia mioyo sitini na minne ikipiga pamoja, ikilala pamoja saa mbili, ikiamka pamoja kwenda msalani. Mashine yenye akili ya kuhesabu nyota haikushangaa. Iliandika: Uwiano wa hali ya juu. Mkoa ukatuma cheti. Rwamachu, kata tulivu kuliko zote.

Nami niliweka kidole. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usidhani ninajitoa lawamani. Nilimwambia Afisa wetu wa wilaya kwa simu kwamba watu hawazivai. Akasema, "Jaza kwenye fomu," na fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika kichefuchefu, lakini ya kuandika Bibi haikuwa nayo. Basi nikanunua daftari la kurasa tisini na sita nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sikuuliza wanajisikiaje, mtu wa mabati hatakujibu. Niliangalia. Nani hakwenda kisimani. Nani anashika mkono uliochomwa. Nani amekataa chakula. Kumi na mmoja walipata baridi usiku mmoja ikaisha. Wawili mikono ilivimba, ikapungua kwa maji ya uvuguvugu. Mmoja alitoka vipele shingoni, siku ya nne vikapotea. Hiyo ndiyo chanjo yote. Ilikuwa chanjo nzuri. Hakuna aliyeijua kuwa nzuri ila mimi na daftari.

Na ukurasa wa namba thelathini na moja ulikuwa na lile neno la Jumanne. Shemeji alikuwa akichimba mbolea ya popo pangoni, ile nyeusi inayonenepesha migomba. Siku ya sindano walimuuliza, una homa? Akasema hana. Paa lake lilikuwa linavuja.

*

Ijumaa, siku moja baada ya kuzika, Afisa Fulgence alikuja zahanati. Ni msimamizi wa chanjo wa wilaya, kijana wa miaka thelathini, viatu vyake havijui udongo. Alikuwa juu ya kiti akitundika kitambaa cha tangazo la Jumatatu, siku ambayo tarafa nzima ingeanza kuchanjwa kwa sababu ya utulivu wetu.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba, Koku. Umeleta kidole?"

"Nimeleta kifo. Namba thelathini na moja."

Alishuka, akachukua kishikwambi, akatafuta. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyekuta hela mfukoni. "Ndyamukama? Huyu hajambo. Ana mapigo sabini na mawili."

"Tulimzika jana saa tisa."

"Joto thelathini na sita nukta nne. Jana alilala vizuri."

"Jana alilala kaburini, Afisa. Mimi nilitupa udongo."

"Koku, mimi sibishani nawe, nakusomea." Akabonyeza, ili anionyeshe. "Ona, najaribu kuandika kifo. Umeona inavyojibu? Mhusika yuko hai. Tafadhali hakiki utambulisho wako. Inaniuliza mimi kama mimi ni mimi."

"Mapigo hayo ni ya bibi yangu," nikasema. "Bangili zote ziko mwilini mwa Bibi Kagemulo. Yeye ndiye kata tulivu."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana hakuwa mjinga, na hili ndilo ninalomlaumia. Alifungua mchoro wa mapigo, ile mistari sitini na minne iliyolaliana mpaka ikawa mstari mmoja mnene. Alikuwa ameuchapisha akauweka kwenye fremu. Ulikuwa ukutani nyuma yake. Aliutazama wa kwenye kishikwambi, akageuka akautazama wa ukutani. Akaketi.

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu, Afisa. Wewe ndiye uliyebaki."

Akaondoa miwani, akaifuta kwa tai. "Sikiliza, dada. Ng'ambo wanakufa. Nikiandika kwamba takwimu za Rwamachu zimetoka kwa bibi mmoja ambaye hata hakuchanjwa, chanjo inasimamishwa. Tume itaundwa. Miezi sita. Hao watu wa ng'ambo utawaambia nini? Kwamba Koku alipenda ukweli?"

Hoja ilikuwa nzuri. Ndiyo iliyoniudhi. Kwa siku nyingi nilikuwa nikimdharau kwa raha, na sasa ameniletea jambo ambalo siwezi kulidharau.

"Chanjo haikumuua," nikasema. "Iko salama, nimeandika watu wote sitini na wanne, siku kwa siku. Yeye aliumwa tangu Jumanne, kabla ya sindano. Ni homa ya popo, Afisa. Imeshavuka mto. Na dada yangu Kemilembe aliyemuuguza ameamka leo anatetemeka. Ana mimba ya miezi saba. Ita kikosi."

Kikosi cha dharura ndicho pekee chenye dawa ya kukata homa ile, na dawa yenyewe husaidia kabla homa haijatimiza siku tatu. Barabara ya hospitali ilikuwa na kizuizi. Hapiti mgonjwa asiye na karatasi ya Mkaguzi.

"Namba yake?"

"Hana namba. Wajawazito hamkuwachanja."

"Kwa hiyo hana bangili."

"Hana."

"Basi nitaita kikosi kwa ajili ya nani, Koku? Kwenye mfumo hayupo." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba duka limefungwa. Akavuta daftari langu kwa ukucha mmoja, akafunua. Karatasi mbili za mwanzo nilikuwa nimechora mistari kwa mkono, na haikunyooka. "Umesoma mpaka wapi vile?"

"La saba."

"Unaona," akasema, akalifunga. "Saa kumi usisahau kidole."

Nilitamani kumwomba angalau aje amtazame tu mlangoni. Nikatazama viatu vyake nikaacha.

*

Nyumbani nilimkuta Ma Adventina amesimama dirishani kwa Kemilembe, anaeneza elimu.

"Sindano imemhamia," alikuwa akisema. "Imetoka kwa mume ikaingia kwa mke. Hizi za kisasa zinahama."

Mmoja anasema sindano imemdhuru asiyedungwa, mwingine anasema aliyezikwa amelala vizuri. Nilifikiri laiti wangeoana, wasingekosa la kuongea mpaka uzeeni.

Niliingia nikiwa nimevaa glavu za zahanati na kitambaa mdomoni. Kemilembe alikuwa amejikunja kitandani upande wa ukuta, magoti yamebana tumbo. Alinitazama kwa macho mekundu.

"Koku, mbona kitanda kinagonga?"

"Hakigongi."

"Nakisikia."

Nilimfunika. Usiku kucha nilikaa kizingitini nikifikiri, na Jumamosi asubuhi jua lilipotoka nilikuwa nimeshajua ninachotaka. Yale mafunzo ya nusu siku tuliyopewa sisi wa vidole, wenzangu walikuwa wakisubiri soda, mimi nilisikiliza. Bangili moja ikikosa ngozi dakika kumi, Mkaguzi humpigia simu mwenye bangili. Bangili kumi zikikosa ngozi ndani ya saa moja katika kata moja, hiyo inaitwa vifo vya mkupuo, na kikosi cha dharura huitwa.

Kumi tu.

Lakini nikiziondoa, mashine haitasema homa imevuka mto. Itasema kumi wa waliochanjwa wamekufa. Neno hilo litafika mjini kabla ya chai ya saa nne, na yule mbu wa Ma Adventina atakuwa shahidi wa taifa. Ng'ambo ya mto watatupa sindano mtoni. Kwa dada mmoja. Nisipoziondoa, Jumatatu watu watapiga vigelegele chini ya kitambaa cha Afisa, homa ikiwa imekaa nao mkekani, na Kemilembe hatakuwepo kusikia.

Nilimwendea Bibi barazani. Nikamweleza yote.

"Ukizivua watakufa wote?" akauliza.

"Kwenye mashine tu, Bibi."

"Na Ndyamukama?"

"Yeye atapata ruhusa ya kufa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta mikono yake akaikumbatia, bangili zikasuguana. "Siwezi kukupa, mjukuu wangu. Hivi ni vitu vya watu. Miaka hamsini nalinda funguo, sijampa asiye mwenyewe hata sindano ya kushonea. Mwenyewe aje, anyooshe mkono wake, achukue chake. Ukinivua kwa nguvu umenivua nguo."

Angeweza mtu kumkasirikia. Mimi sikuweza, katika habari hii yote alikuwa ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi aliyopewa.

Basi nikaenda pale mikekani walipokuwa wamekaa, msiba ukiwa siku ya tatu. Nikasimama mbali nao kidogo, nikafungua daftari.

"Namba nne," nikasoma. "Baba Rweikiza. Ijumaa ya wiki iliyopita usiku alitetemeka, akamwambia mkewe ni upepo. Jumamosi alikula ugali. Namba kumi na saba, Ma Stella, mkono ulivimba, akasema ameumwa na nyuki. Namba ishirini na mbili—"

"Wewe msichana, unatupeleleza?" Mzee Kaijage akauliza.

"Tangu mwanzo, waitu, mzee wangu. Na ndiyo maana najua hamkuumizwa na chanjo. Najua pia nani alimwosha shemeji, nani alimshika miguu, nani alikunywa kwenye kibuyu chake. Mnataka niwasome?"

Mtu mmoja alitazama viganja vyake.

Niliwaambia ninachotaka: kumi waje kwa Bibi, kila mmoja achukue bangili yake, aitupe kwenye beseni la maji.

"Na mabati?" akauliza Baba Rweikiza.

"Utazikwa nayo."

"Mabati mawili hayatoshi jeneza," akasema mwingine, na watu wakacheka, Mungu awasamehe, wakacheka msibani. Kicheko kile ndicho kilichowainua. Ma Stella alikuja wa kwanza. Baba Rweikiza akafuata akinung'unika. Mzee Kaijage alikuwa na lake: "Yangu ililia siku ya pili, mabati nilishayakosa. Nimekuja bure." Ma Adventina alikuja wa saba, akachagua muda mrefu kwenye mguu wa Bibi kama anayenunua kanga.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Koku, wakija wakubwa utawaambia mimi nilikuwa mzima?"

"Nitawaambia."

"Na habari ya mbu?"

"Hiyo utawaambia mwenyewe."

Walifika tisa. Wa kumi hakuja. Waliobaki mikekani waliangalia pembeni kwa ustadi, kila mmoja akiwa amekumbuka paa lake. Nilihesabu beseni tena. Tisa. Ya kwanza ilikuwa imeshakaa majini dakika arobaini, na saa moja ikipita hesabu inaanza upya. Mimi sikuwa na bangili, sikuchanjwa. Mwenye kidole hakuhesabiwa.

"Ya Ndyamukama ni ya nani sasa?" nikamuuliza Bibi.

"Ya mkewe," akajibu bila kufikiri.

Nilikwenda ndani. Kemilembe alisikiliza macho yamefumba. Nilimwinua kwa kwapa, tumbo mbele, akatembea hatua ishirini na mbili kutoka kitandani mpaka barazani, nilizihesabu. Watu walirudi nyuma. Bibi ndiye aliyebaki, akanyoosha mguu wa kushoto na kuonyesha bangili ya tatu kutoka kisiginoni.

Kemilembe aliishika kwa vidole viwili. Kwa ndani kitufe kilikuwa kinawaka kijani, kinadunda. Alikitazama muda.

"Bado anapiga," akasema.

"Ni Bibi huyo, dada."

"Najua." Akaivuta ikapita kisigino, akaishika kiganjani mpaka kijani kikafifia, kikazimika. Ndipo akaitia kwenye beseni. Hakulia. Alisema tu, "Haya," kama watu wanavyosema wakimaliza kufunga mzigo.

*

Nilimlaza mwenyewe, nikamwekea maji karibu. Kisha nikakaa barazani, kishikwambi magotini, daftari juu ya stuli limefunguliwa ukurasa wa Jumanne, jiwe juu yake lisipeperuke.

Dakika ya kumi na moja kikalia.

Vifo vya mkupuo: kumi. Kata ya Rwamachu. Chanzo kinachodhaniwa: chanjo. Je, unathibitisha? NDIYO. HAPANA.

Nilikuwa nimejua kitauliza. Nikibonyeza ndiyo, nimesema uongo, na uongo huo utavuka mto kwa miguu yake. Nikibonyeza hapana, kila kitu kinarudi kuwa shwari. Kuna njia ya tatu, iliyoandikwa kwa herufi ndogo, chini kabisa ya karatasi ya mafunzo: asipojibu mthibitishaji ndani ya dakika thelathini, Mkaguzi itamhesabu naye miongoni mwa waliokufa, haitatangaza chanzo chochote, na kikosi kitakuja kuona kwa macho. Kuona kwa macho. Waliliweka mwisho, kama jambo la aibu, la kufanywa tu pale akili zote zimeshindwa.

Simu yangu ikaita. Afisa Fulgence.

"Koku! Koku, uko wapi? Nimeona. Bonyeza hapana. Nakuomba, dada yangu, bonyeza hapana, nitakuja mwenyewe sasa hivi, nitamtazama huyo mgonjwa wako, nitampa karatasi. Unanisikia? Nilikuwa nimekosea, haya, nimekosea. Bonyeza tu."

Jana angesema nusu ya hayo ningebeba viatu vyake mpaka mlangoni. Niliiweka simu kwenye stuli kando ya daftari, iendelee kusema.

Bibi alikuwa na bangili hamsini na nne bado, mikono ameikunja mapajani kama vitambaa. "Anataka nini huyo?" akauliza.

Kishikwambi kikalia tena, kwa adabu ileile ya siku zote. Je, unathibitisha? Tafadhali weka kidole.

Ndani kitanda kilianza kugonga ukuta, polepole. Nilikaa juu ya mikono yangu yote miwili nikatazama bonde.

Tafadhali weka kidole.